Moto wa msituni: habari yako iwe na saa, mahali na mtu aliyeuona

Oktoba 2020, moto ulipoanza Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo kwenye njia ya Marangu ya kupanda Mlima Kilimanjaro, tuliokuwa chini tuliuona usiku kama mstari mwekundu umelala mlimani. Simu zilijaa picha. Lakini ukiuliza moto umefika wapi saa hizi, unaelekea upande gani, anayetaka kwenda kusaidia apitie lango lipi na abebe nini, kila mtu alikuwa na jibu lake. Wanachuo wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, wanakijiji, wapagazi, askari wa TANAPA (Hifadhi za Taifa) na wa Zimamoto walipanda kwa mamia, na bado moto uliendelea kwa zaidi ya wiki moja. Watu wa kuzima walikuwepo. Habari ya kuwaongoza ndiyo iliyokuwa ngumu kupatikana.

Tangu wakati ule mimi ni mmoja wa wanaoendesha kundi la kujitolea la habari za moto katika vijiji vya upande wetu. Hatuna ofisi wala mshahara, tuna simu na watu wanaojuana. Naandika kwa yeyote anayeishi kando ya msitu, awe Usambara, Uluguru, Aberdare au Rwenzori, ambaye amewahi kuona moshi juu akajiuliza amwambie nani.

Nianze na setilaiti, maana ndiyo wengi hukimbilia. NASA wana ramani iitwayo FIRMS, ya bure, inayofunguka hata kwenye simu, na ukijiandikisha hukuletea taarifa kwa barua pepe joto kubwa likionekana katika eneo ulilochagua. Ni msaada mkubwa, ila ujue inachokuonyesha. Kila nukta nyekundu ni katikati ya mraba wa ardhi ambamo kifaa kimehisi joto. Kwa kifaa cha VIIRS mraba huo una upande wa mita 375 hivi, kwa kile cha zamani, MODIS, ni kilomita nzima. Kwa hiyo moto wenyewe unaweza kuwa ng'ambo ya korongo, wakati nukta iko upande wako. Tena setilaiti za VIIRS hupita kwetu mara mbili kwa siku, karibu na saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku, na kwa huku kwetu data inaweza kuchukua hadi saa tatu kufika kwenye ramani. Moto wenye upepo nyuma yake, ndani ya saa tatu umeshahama kijiji.

Halafu kuna mawingu. Mlima wetu hujifunika mchana, na wingu hukaa palepale kwenye ukanda wa msitu. Setilaiti ikipita saa saba na nusu mchana mara nyingi inaona wingu tu. Ramani isiyo na nukta haimaanishi hakuna moto. Mimi naiamini zaidi picha ya usiku, na bado lazima nipige simu.

Jambo jingine ni saa. FIRMS huandika muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ukiona 10:40, ongeza tatu upate 13:40, yaani saa 7:40 mchana. Usiunakili kama ulivyo ukasema moto umeonekana saa nne. Na kila ukiandika saa, taja mchana, jioni au usiku, kwa sababu kwenye kundi kuna anayesoma kwa Kiswahili na anayesoma kwa saa ya simu.

Nukta ikitokea, kazi halisi inaanza: kumpata mtu aliye karibu nayo. Tuna orodha ya namba za watu wa kila kitongoji, tuliyoikusanya msimu wa mvua wakati hakuna presha. Wenyeviti wa vitongoji wamo, warina asali, kina mama wanaokata majani ya ng'ombe katika ule msitu wa nusu maili, yaani ukanda wa msitu ulio juu ya vijiji, wapagazi, mafundi wa mifereji. Hawa ndio macho yetu. Simu moja huwa hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, habari za huko?"

"Nzuri baba. Tumeona alama ya moto upande wenu, chini ya barabara ya juu. Kuna moshi?"

"Moshi upo. Jirani anachoma mabua ya mahindi. Niko naye hapa, na vijana wana matawi na ndoo za maji."

"Upepo vipi?"

"Umetulia. Ukibadilika nakupigia."

Hapo tumeokoa kijiji kizima kisikurupuke. Tunaandika kwenye kundi kwamba ni moto wa shamba, unasimamiwa, aliyethibitisha ni fulani wa kitongoji fulani, saa kadhaa. Ujumbe wa kutuliza una thamani sawa na wa kuonya, na watu wakishaona kwamba hamwatishi ovyo, siku mtakayosema "ondokeni" wataondoka.

Picha na video zinahitaji macho makali zaidi. Moto mwingine ulipotokea eneo la Karanga Oktoba 2022, mtu angeweza kuchukua video yoyote ya 2020 na kuirusha kama ya leo, na nani angejua? Mlima wenyewe hukusaidia kupima. Una vilele viwili vikubwa, Kibo na Mawenzi. Ukiwa Moshi au Marangu, Mawenzi iko kulia kwa Kibo. Ukiwa Loitokitok, upande wa Kenya, iko kushoto. Ukiwa Rombo, Mawenzi iko mbele yako. Mtu akileta video akidai ameipiga Marangu na Mawenzi imekaa kushoto, hiyo habari haipiti. Kama hakuna kilele kinachoonekana, mwombe aliyetuma apige picha nyingine sasa hivi, akiingiza kibao cha njia au jiwe linalojulikana. Aliye mahali pale atafanya hivyo kwa dakika moja. Aliyeipokea kutoka kundi jingine atanyamaza. Tangu TTCL walipofikisha intaneti Horombo, kwenye mita 3,720, Agosti 2022, hata mpagazi aliye juu anaweza kukutumia picha ya muda huohuo, jambo ambalo zamani lilisubiri mtu ashuke.

Mfano niliojifunza nao sana ni wa California. Huko kuna programu ya Watch Duty, iliyoanzishwa 2021 na John Mills, ya shirika lisilo la faida. Wengi wanaoiendesha ni watu wa kujitolea, baadhi yao wazimamoto wastaafu na waliowahi kufanya kazi za kupokea simu za dharura. Wanasikiliza redio za wazimamoto, wanaangalia kamera zilizowekwa milimani, wanalinganisha na setilaiti, ndipo wanaandika. Januari 2025, moto wa Palisades na wa Eaton ulipoikumba Los Angeles, mamilioni ya watu waliifungua kujua nyumba zao ziko salama au la. Kilichonigusa ni nidhamu yao: wanashauriana kwanza wao kwa wao, na ambacho hakijathibitishwa hakirushwi. Sisi hatuna kamera zile, na redio za askari si za kusikilizwa na raia. Lakini kushauriana kabla ya kurusha hakuhitaji mashine yoyote. Tuna kundi dogo la watu wachache tunaohakiki, na kundi kubwa ambamo wachache hao tu ndio wanaoandika. Wengine wanasoma. Mwanzoni watu walinuna, maana Waswahili tunapenda kuchangia, ila kundi la watu mia tatu wote wakiandika usiku wa moto ni kelele tupu.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi. Huu ni wa aina tunayotuma (114 ni namba ya dharura ya Zimamoto, Tanzania): "Saa 11:20 jioni. Moto msituni juu ya shule ya msingi, mto uko kushoto kwake. Unapanda, upepo wa wastani. Ameuona mwenyekiti wa kitongoji. 114 na hifadhi wamearifiwa. Watoto na wazee wabaki nyumbani. Taarifa inayofuata saa 12:00 jioni." Hiyo sentensi ya mwisho ni muhimu kupita wengi wanavyodhani. Mtu akijua utarudi saa kumi na mbili hatakesha akibuni habari, na wewe lazima urudi hata kama hakuna jipya. Usisahau pia kwamba milimani upepo wa mchana huvuta moto juu, na jua likizama upepo hugeuka kushuka. Taarifa ya jioni iseme hivyo kwa wanaoishi chini ya moto.

Usimwache nje mwenye kiswaswadu. Kwetu waliopo karibu zaidi na msitu ndio wenye simu za batani, kwa hiyo kila kitongoji kina kijana mmoja anayeigeuza taarifa kuwa meseji ya kawaida au kuipeleka msikitini na kanisani itangazwe kwa kipaza sauti. Bando tunachangishana. Pawabenki zinachajiwa kuanzia Julai.

Na jina la anayedhaniwa kuwasha moto halitajwi kwenye kundi, kamwe. Nimeona jinsi minong'ono ya usiku mmoja inavyoweza kuwafikisha watu wenye mapanga mlangoni pa mrina asali. Mwenye ushahidi aupeleke kwa mtendaji wa kijiji au polisi.

Simu ya kwanza ni 114 kila mara, kabla ya kundi. Moto ukiisha, tunaandika nani amesema umezimwa na saa ngapi, kisha tunaomba walio karibu waendelee kuangalia kwa siku kadhaa, kwa sababu kule juu kwenye vichaka moto hujificha kwenye mizizi na kuibuka tena upepo ukirudi.