Jibu: M-Pesa inakua, faida imeshukaje?

Mkuu, umeuliza iliwezekanaje faida ya Safaricom ishuke huku M-Pesa ikizidi kukua. Usisome mstari wa mwisho wa hesabu, yaani faida halisi, peke yake. Ripoti yao hutenganisha hesabu za Kenya na za kundi zima, yaani pamoja na Ethiopia, anzia hapo. Kenya inaingiza hela nzuri. M-Pesa, iliyoanza 2007, ilishayapita mapato ya kupiga simu. Kilichokula faida ni kuingia soko la Ethiopia: leseni ya simu ya 2021 iligharimu dola milioni 850, huduma zikaanza Oktoba 2022, na minara haijengwi kwa maneno. Halafu Julai 2024 birr, sarafu ya Ethiopia, ikaachiwa ijitafutie bei sokoni, ikaporomoka, na mapato ya kule yakapungua thamani kwa shilingi. Mimi ningetazama kwanza idadi ya wateja wanaolipa kule, gawio baadaye.