CERN itaionaje maada ya giza?

SWALI: Maada ya giza haitoi mwanga wala haiuakisi, na hupenya vitu kana kwamba havipo. Sasa mashine ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Ulaya, itaionaje? Na ikipatikana huko, kitendawili kitakuwa kimeteguliwa?

JIBU: Kuiona hasa, haitaiona. Inachoweza kugundua ni upungufu kwenye hesabu. Ndani ya LHC, mashine ya duara lenye mzunguko wa kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, protoni hugongana ana kwa ana. Kabla hazijagongana, mwendo wake wote hufuata bomba. Kuelekea pembeni ni kama sifuri. Kwa hiyo chembe zinazorukia pembeni baada ya hapo sharti zisawazishane. Vitambuzi vya ATLAS na CMS vikirekodi chembe nyingi upande mmoja, na upande wa pili pakiwa patupu, basi kuna kitu kimetoroka bila kuacha alama.

Shida ni kwamba nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, nazo hutoroka vivyo hivyo, na hizo tunazijua. Wanafizikia hukadiria kwanza matukio yatokanayo na nyutrino, ndipo watafute ziada. Mpaka sasa ziada ya kuaminika haijapatikana.

Swali lako la pili ndilo zito zaidi, na jibu ni hapana. Chembe inayokatiza kitambuzi imethibitisha tu kwamba inaishi sehemu ndogo mno ya sekunde. Maada ya giza imedumu takriban miaka bilioni 13.8. CERN peke yake haiwezi kutofautisha chembe ya muda mfupi na ile inayodumu. Ingebidi chembe hiyo hiyo, yenye uzito ule ule, ijitokeze pia katika majaribio kama LZ, kule South Dakota, Marekani: humo, karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi, katika uliokuwa mgodi wa dhahabu, tani 7 za zenoni, gesi iliyopozwa ikawa kimiminika, husubiri kiini cha atomu kigongwe na chembe itokayo angani. Mwamba ulio juu yake huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya anga. Isitoshe, hesabu zingepaswa kuonyesha kwamba chembe hizo zingebaki tangu mwanzo wa ulimwengu kwa wingi unaotakiwa, yaani mara tano hivi ya maada ya kawaida.

Wapo wanaosema ukimya wa vitambuzi ni dalili kwamba maada ya giza haipo. Sikubaliani nao. Ushahidi wa wanaastronomia Fritz Zwicky mwaka 1933, na Vera Rubin miaka ya 1970, haukutokana na vitambuzi hivi bali na mwendo wa galaksi na nyota, uliokuwa wa kasi kuliko uvutano wa maada inayoonekana ungeweza kuhimili. Ukimya huu unaondoa aina fulani tu za chembe. Aksioni, kwa mfano, chembe ambayo bado ni ya kinadharia tu, huenda ni nyepesi mno kwa mbinu hizi. Jaribio la ADMX mjini Seattle huitafuta kwa sumaku kali, likitarajia igeuke kuwa mawimbi ya redio yaliyo hafifu kupita kiasi.