Kuandikisha watu kwenye shoo kwa kampeni ya kupinga umaskini: majibu kwa mdau wa Tabora kutoka Kigoma

Wakuu habari za mchana. Kwa ambao hawajasoma posti ya kwanza, mleta mada kasema wana kikundi cha vijana Tabora, wana kampeni ya kupinga umaskini na wanataka halmashauri iwe wazi kwenye ile mikopo ya asilimia 10, sasa kuna shoo kubwa inakuja uwanja wa Ali Hassan Mwinyi na mmoja wao kashauri waende wakaandikishe watu pale getini kama wanavyofanya wazungu kwenye matamasha ya rock. Wenzake wamemkatalia, wanasema watu wa shoo ni walevi tu. Anauliza inalipa au ni kupoteza muda.

Inalipa mkuu, ila sio pale unapodhani. Mimi niko Kigoma, hii kazi nimejitolea kwenye shoo za bongo fleva na matamasha ya injili pale Lake Tanganyika na kwenye kumbi za Mwanga, kampeni yetu haina tofauti kubwa na yenu. Nilichokiona ni kwamba shoo inakupa majina tu, sapota unampata wiki inayofuata au humpati kabisa.

Nianze na hao wazungu maana mmewataja. Tamasha la Live Aid la 1985 lilikuwa la kuchangisha hela kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, ilipofika Live 8 tarehe 2 Julai 2005 wakageuza kibao, hawakutaka hela wakataka majina, kwa sababu siku chache mbele wakubwa wa G8 (zile nchi nane kubwa kiuchumi) walikuwa wanakutana Gleneagles kule Scotland na majina ndo yalikuwa ya kuwabana nayo. Mwaka huohuo bendi ya U2 walikuwa kwenye ziara yao ya Vertigo, mwimbaji wao Bono akawa anawaambia watu katikati ya shoo watoe simu watume majina yao kwa meseji kuunga mkono ONE, hiyo kampeni ya kupinga umaskini aliyoshiriki kuianzisha 2004, na mavolantia wako nje wanaongea na watu. Hawaombi mchango, wanakuomba usimame nao. G8 wakakubali kufuta madeni ya nchi 18 kwa taasisi kubwa za fedha, kama dola bilioni 40 hivi, na Tanzania ilikuwemo. Kabla yao Jubilee 2000, kampeni ya kutaka nchi maskini zifutiwe madeni, walikuwa wameshapiga kelele za madeni muda mrefu, Tanzania ikapata msamaha mkubwa mwaka 2001 na kipindi hichohicho ada ya shule ya msingi ikafutwa, MMEM (ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi) ikaanza 2002. Humu kuna watu wengi tu waliosoma kwa mtindo ule wa kubanana darasa zima lakini tukasoma. Kwa hiyo anayesema majina ya kwenye shoo hayajawahi kufanya kitu namshangaa.

(Ila na wao walichekesha, Live 8 ni kampeni ya Afrika lakini wanamuziki wengi wa Afrika wakawekewa jukwaa lao pembeni huko Cornwall, wakubwa wa Ulaya na Marekani wakala Hyde Park kule London. Watu walilalamika sana na walikuwa na haki.)

Sasa kitu ambacho wenzetu walikuwa nacho na vikundi vingi vya huku havina ni mtu wa kupelekewa hayo majina. Wao walijua yanaenda kwa nani na lini. Kwetu unakuta watu wana kaunta buku nzima ya majina, ukiuliza mnampelekea nani wanaangaliana. Nyie mna bahati kwa sababu asilimia 10 iko kisheria, halmashauri inatakiwa kutenga kwenye mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Mnajua wa kumuuliza, mkurugenzi yupo, diwani yupo, mkutano wa mtaa upo. Kaeni kwanza mkubaliane barua inaenda kwa nani ndo mwende kwenye shoo.

Hilo la walevi. Shoo tiketi imeandikwa saa 12 jioni, msanii mwenyewe anapanda saa saba usiku, wote tunajua. Hayo masaa yote watu wako kwenye foleni au wamesimama hawana cha kufanya, simu wanaitunzia chaji ya kurekodi. Huo ndo muda wenu, kuanzia geti linapofunguliwa mpaka saa tatu hivi. Baada ya hapo fungeni madaftari mle shoo, kuanzia saa nne huyo mlevi mnayemsema ameshafika na spika zimefunguka, utamwandika mtu anaitwa "Mjeda" namba yenye tarakimu nane.

Na foleni ina namna yake. Wasichana wakiwa kundi waanze wao, mmoja akiandika wote wanaandika. Mtu aliyekuja na mpenzi wake usimwambie habari ya umaskini hata kidogo, kavaa kapendeza kanunua tiketi mbili halafu wewe unakuja kumwita maskini mbele ya mchumba, atakuona una matatizo. Mwanzoni tulipewa maneno ya kusema yameandikwa huko Dar, yanaanza na "wananchi wanaoishi katika mazingira magumu", hakuna aliyeyamaliza.

Kilichofanya kazi nilikiona kwa dada mmoja tuliyekuwa naye, muuza mitumba, hana hata semina moja. Kuna jamaa wa Kibirizi (huko kwenye mwalo wa wavuvi) alikuwa kwenye foleni na wenzake, akamuuliza:
"Mnatoa mkopo?"
"Hatutoi."
"Tisheti je?"
"Hamna."
"Posho?"
"Posho nipe wewe kaka, mimi nimesimama toka saa kumi."
Wakacheka wote. Halafu dada akamwambia, "We ushuru wa mwaloni si unalipa? Hela yako ile kuna fungu linatakiwa lirudi kwa vijana mkopo bila riba, tunataka tuulize limeenda kwa nani."
Jamaa akanyamaza kidogo akasema "enhee, hapo sasa", akaita na wengine waliokuwa nyuma, wakaandika kama kumi pale pale na mmoja akawa anamsahihisha mwenzake spelingi ya jina. Kwa Tabora nyie mna ushuru wa tumbaku, mna ushuru wa soko, anzieni hapo. Mtu aliyekatwa hela hahitaji maelezo marefu.

Pia tuwe wakweli kuna watu watawauliza kama nyie ni Freemason. Sio utani. Hasa kwenye injili. Msibishane, mwonyesheni barua ya serikali ya mtaa na aliyewaandikia, akikataa mwacheni aende.

Nikiligusa injili, msilidharau. Watu wanakuja mapema, wamekaa kwenye viti, wako na familia na wana akili timamu mpaka mwisho. Wanaandika wachache kuliko bongo fleva ila wakiandika wanakuja kweli. Kwetu akina mama wa kwaya ndo wamebeba kampeni mpaka leo, vijana wa shoo wengi walikuwa moto wiki mbili. Siwalaumu, wengine walishasafiri kutafuta maisha.

Rangi ya tisheti mkuu!! Hili watu wanaliona dogo. Kijani na njano ni CCM (na Yanga), bluu watasema Chadema, nyekundu watasema Simba au chama kingine, zambarau ukiivaa Kigoma wewe ni ACT hata ulie machozi. Nyeupe ndo ilikuwa rangi ya mikanda ya mkononi ya ile kampeni ya wazungu ya 2005 ila kwa vumbi letu saa moja jioni unafanana na fundi ujenzi. Sisi tuliishia kijivu. Na kama kuna uchaguzi karibu ahirisheni, hakuna atakayeamini kwamba hamjatumwa, na polisi nao hawataamini.

Kuhusu vibali: ongeeni na promota kwanza kwa maandishi, yeye ndo mwenye eneo siku hiyo, halafu barua kwa afisa utamaduni na polisi wajue mpo, na serikali ya mtaa ule. Mabaunsa waonyesheni mapema ili msije mkafukuzwa getini mbele ya watu, kwa sababu ukishafukuzwa hadharani hakuna anayeandika tena jina kwako.

Fomu. Hii nataka niiseme taratibu. Fomu tuliyoletewa ilikuwa na visanduku kibao, jina kamili, namba ya NIDA, kijiji ulichozaliwa, jina la baba. Mtu wa Kigoma ukimuuliza usiku kwenye foleni kijiji alichozaliwa na jina la baba yake anajua moja kwa moja ni mambo ya uraia. Huku tuko mpakani, Burundi hapo, Congo ng'ambo ya ziwa, kambi za wakimbizi zimekuwepo Kasulu na Kibondo miaka mingi, mtu kajibu hayo maswali maisha yake yote na hana hamu nayo tena. Niliona watu wanatoka kwenye foleni kabisa, mtu ana tiketi mkononi anaenda kuzunguka geti la pili. Tukazikunja zile fomu tukanunua kaunta buku tukachora mistari wenyewe: jina la kuitwa, namba ya simu, mtaa anaokaa. Basi. Hayo matatu yanatosha kumpata mtu, na Tabora sidhani kama mnahitaji zaidi.

Na kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Mwambie mtu namba yake ni ya nini kabla hajaandika, usiigawe. Kuna promota alituomba orodha yetu ili atume meseji za shoo yake nyingine, tukamkatalia akanuna, akanuna tu. Wanafunzi wa sekondari waacheni, najua Tabora shule ni nyingi na wao ndo wepesi kuandika, lakini mtoto wa watu kesho mzazi anakuja kuuliza mmemwingiza kwenye nini.

Namba muibip palepale. Usisubiri nyumbani. Mtu akishaandika unapiga mlio mmoja, ikiita mfukoni mwake umepata mtu, isipoita mnacheka anakupa ya kweli. Bila hivyo namba nyingi mtakuta ni za ajabu, moja tuliyoipiga ilipokelewa na mzee wa Mpanda ambaye hajawahi kukanyaga Kigoma. Alikuwa mpole sana, akauliza kama anaweza kujiunga.

Siku ya shoo nayo ina maana yake. Kwetu mbalamwezi ikiwa imeshika wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa hazivuti samaki, kwa hiyo shoo ikiangukia wiki hiyo unawapata wa Kibirizi na Katonga wote, na hao ndo wanaoijua hiyo habari ya ushuru kuliko mtu wa ofisini. Ziwa lilipofungwa kuanzia Mei mpaka Agosti 2024 ndo kabisa, kila mtu alikuwa na cha kusema. Kwenu mtajua wenyewe msimu wa malipo ya tumbaku unakuwaje, mtu wa Urambo akija mjini na hela yuko tayari kuongea kuliko akiwa anadaiwa pembejeo.

Mavolantia: msichague wanaompenda msanii. Atakapotokea wote wanapotea na kalamu zenu. Tafuteni watu wa miziki ya zamani. Nauli na maji ya kunywa wapeni, kujitolea sio kulala na njaa, na wasichana wasirudi peke yao saa tisa usiku, pangeni bajaji mapema.

MC anaweza kuwapa nusu dakika jukwaani mkimfuata vizuri, ila msimtegemee kuandikisha. Watu wanapiga kelele kwa kila kitu, akisema "Tabora mpo?" wanashangilia, akisema mkopo wanashangilia, akisema umeme umekatika nusu saa wanashangilia pia. Mtumieni awaambie tu watu wenye tisheti za kijivu wako wapi.

Halafu Jumatatu. Hapa ndo vikundi vingi vinafia. Meseji itoke Jumatatu asubuhi, isiwe ndefu, iseme wewe ni nani, mlikutana wapi, na kuna kitu gani cha kufanya wiki hii chenye siku na saa na mahali. "Mkutano wa mtaa wako ni Jumamosi saa nne, tukutane pale tuulize swali moja." Ukituma "asante kwa kujiunga nasi, tutawajulisha" hao watu umewapoteza. Wanaokuja watakuwa wachache sana ukilinganisha na daftari, msikate tamaa, mtaa mmoja wakitokea sita wanaouliza swali lilelile mwenyekiti anaandika kwenye muhtasari, na muhtasari unapanda kata. Kwetu jibu la kwanza la maandishi kutoka juu lilipatikana kwa njia hiyo, sio kwa barua yenye majina yote. Barua ile tuliipeleka pia, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na huo muhuri ndo tuliokuwa tunauonyesha kila mkutano.

Gharama sio kubwa, kaunta buku, kalamu za akiba, tochi za kuvaa kichwani kwa sababu usiku kule nyuma ya uwanja hakuna taa, tisheti, vocha. Msitengeneze bango kubwa, linageuka kiti cha watu kukalia.

Ukurasa tuliochora kwenye kaunta buku nimeupiga picha, na meseji ya Jumatatu ninayo kwenye simu. Mleta mada njoo PM nikutumie, ila utoe jina la kikundi chetu uweke lenu.