Maswali yenu: waya shingoni, mapigo 34 na simu mfukoni

Mama yuko ICU, wamempitishia waya shingoni na kuna kisanduku kando ya kitanda. Anaongea vizuri. Tuombe ruhusa arudi nyumbani? (Majengo, Moshi)

Hapana. Anaongea vizuri kwa sababu ya hicho kisanduku. Waya umeshuka na mshipa mpaka chumba cha chini cha kulia cha moyo, na kila kisanduku kikituma umeme, moyo unapiga. Ni msaada wa siku chache. Kama chanzo ni dawa iliyozidi au shambulio la moyo, mapigo yanaweza kurudi yenyewe. Kama njia ya umeme ya moyo wenyewe imekatika moja kwa moja, atahitaji betri ya kudumu ya kuendesha moyo (pacemaker) chini ya ngozi ya kifua. Muulizeni daktari wake: chanzo ni nini? Na msiguse ncha za waya. Umeme mdogo ambao kidole hakiusikii unaweza kuuvuruga moyo.

Babu ameanguka mara tatu tangu Krismasi. Zahanati walisema mapigo ni 34. Tumpeleke hospitali akimaliza dozi ya malaria? (Kijenge, Arusha)

Mpelekeni leo, sasa hivi.

Barua za namna hii zinanisononesha. Mzee anaanguka, anapewa dawa ya malaria, anaombewa, anaambiwa ana kifafa, na hakuna aliyemshika mkono akahesabu mapigo dakika nzima. Zahanati yenu walihesabu, nawashukuru, ila nyie mmekaa na namba hiyo nyumbani. Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, hasa za presha na moyo: atenolol na digoxin hupunguza mapigo. Wala msimpandishe basi la Dar kwa kuwa mmesikia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanaweka betri. Aanzie hospitali kubwa iliyo karibu. Safari, kama ipo, iwe ya gari la wagonjwa lenye muuguzi na mashine.

Simu inaharibu betri ya moyo?

Nimeshalijibu hili zaidi ya mara moja. Usiiweke mfuko wa shati upande wa betri, na ongea kwa sikio la upande wa pili. Basi.

Mimi ni muuguzi. Tulimbandika mgonjwa pedi za kuuendesha moyo kwa umeme kupitia ngozi ya kifua, mashine ikaandika mapigo 70, mwili ukawa unaruka, lakini presha ikazidi kushuka. Tulikosea wapi? (Usa River)

Mashine iliandika ilichotuma. Moyo ulijibu nini, hiyo haikuwaambia.

Nami yalinikuta zamani. Kifua kinaruka, bega linaruka, chumba kizima kimeshusha pumzi. Nikaweka vidole kwenye kinena: pigo, kimya, kimya, pigo. Hayakufika 40. Tukapandisha miliampu, yaani nguvu ya umeme, kidogo kidogo mpaka kila alama ya umeme kwenye skrini ikafuatwa na wimbi pana, na kila wimbi likagonga vidoleni. Usipime shingoni, misuli inayoruka itakudanganya. Pedi moja iwe mbele kushoto, nyingine mgongoni kati ya bega la kushoto na uti wa mgongo, ngozi ikiwa kavu. Halafu mpe dawa ya maumivu na ya kumtuliza, tafadhali. Mgonjwa mwenye fahamu anaumia kweli. Na tangu dakika ya kwanza mtafute wa kuweka waya, kwa sababu pedi ni za kuvusha muda tu.

Dada ana figo, mapigo yalishuka hadi 28. Kwa nini walimchoma kalsiamu badala ya betri?

Walifanya sawa. Figo zikishindwa kazi, potasiamu hubaki kwenye damu, na ikipanda sana, moyo unaweza usiitikie hata umeme wa mashine. Kalsiamu inaulinda wakati potasiamu inashushwa. Asikose tena siku yake ya kusafisha damu.

Moyo wa baba ulisimama kabisa wodini. Walimkandamiza kifua na kumpa adrenalini. Wangemwekea betri angepona?

Pole sana, mwanangu. Moyo ukishasimama kabisa, tiba ni kukandamiza kifua na adrenalini, na ndivyo unavyosema walifanya. Betri isingebadilisha kitu saa ile.