Meza ya kupindua, na kicheko cha jirani

Jumanne kijana mmoja wa Arua aliniandikia: "Kaka, ile meza yako nimeiona, nipe vipimo tu." Vipimo tu! Nitakupa, mdogo wangu, ila kwanza ujue vilinitoa jasho gani.

Karakana yangu hapa Ndeeba, Kampala, ni chumba cha futi 10 kwa 10. Msumeno wa umeme wa kukatia mbao kwa pembe ulikuwa unashinda mlangoni. Mvua ikija, unaingia ndani, mimi natoka. Jirani yangu, fundi mwenye chumba kikubwa, alizoea kuniuliza kama nauza mbao au nazificha. Nilikuwa nacheka naye, lakini moyoni sikucheka.

Nikaamua kutengeneza ubao mmoja unaozunguka kwenye bomba: juu msumeno, chini grinda, ile mashine ya kunolea vyuma. Ukitaka grinda, unapindua. Vifaa vyote vilikuwa mabaki: plaiwudi ya milimita 18 iliyobaki kwenye kabati za jikoni, vipande vya msonobari, bomba la maji, na magurudumu niliyookota kwa wauza vyuma chakavu Katwe.

Bomba lenyewe liliniaibisha mapema. Linaitwa nusu inchi, nami nikatoboa tundu la nusu inchi. Halikuingia. Kwa nje lina milimita 21 na kitu. Miaka yote hii ya ufundi!

Kosa la pili ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilipima kutoka kwenye bomba hadi kilele cha msumeno, nikapata sentimita 30. Rafu ya chini nikaiweka kwenye 32, nikawaita watu waone. Nikapindua. Msumeno ukagota rafu, ukakwama kichwa chini kama popo. Jirani alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Usiku nikashika kalamu. Kumbe kilele si kitu. Kona ndiyo inayofika mbali. Kona ya mashine yangu ilikuwa sentimita 18 mbele ya bomba na 30 juu yake. Pythagoras, niliyemlalia usingizi darasani, akanijibu: 18 mara 18, ongeza 30 mara 30, ni 1224, na kipeuo chake cha pili ni karibu 35. Rafu nikaishusha hadi 38.

Kwa hiyo pima kona. Narudia, pima kona. Bomba lilaze katikati ya plaiwudi mbili, pembeni weka vipande vya mbao vyenye unene sawa na bomba. Mashine zikaribiane uzito, la sivyo nzito itajipindua yenyewe na kukuvunja mkono. Ndiyo maana kila upande nimeweka boliti mbili za kuufunga ubao. Kabla ya kupindua, chomoa umeme na ufunge kichwa cha msumeno. Na kabla ya kuwasha grinda, fagia vumbi la mbao lote, maana cheche haziogopi fundi. (Ningeanza upya, grinda ningeipeleka kwingine kabisa.)

Vijana, mnapenda mno vya dukani. Mnachoma plaiwudi kupikia chai, halafu mnalia kwamba karakana ni ndogo. Udogo wa chumba haujamzuia mtu kufikiri!

Wiki iliyopita jirani alikuja na futi kamba yake, mpole kabisa, akaomba kupima meza yangu. Akaanzia kwenye bomba, akapanda moja kwa moja hadi kileleni, akaandika 30. Nikamwacha.