Barua kwa Neema: mashoto utampatia wapi

Mbukwa mwanangu,

Meseji yako nimeisoma. Unasema mwalimu wa karate huko Mwanza amekupa njia mbili, aje kwako mara mbili kwa wiki akufundishe peke yako, au ujiunge na darasa lake la jioni lenye watu kibao kwa hela kidogo, na unataka baba akwambie ipi bora. Hilo nitalifikia. Ila kuna kitu nimekisema hapa nyumbani hadi mmechoka nacho: karate unafundishwa na miili ya watu, mwalimu anaelekeza tu.

Unajua nilivyoanza. Nilikuwa napiga shifti ya usiku stesheni, darasa la jioni siliwezi, ndo yule senpai, yani mwanafunzi aliyenitangulia, akawa ananifundisha asubuhi uani kwa bibi yenu, chini ya mwarobaini, vumbi la Dodoma la mwezi wa nane linaingia hadi kwenye meno. Na alinifundisha kweli, siwezi kumsema vibaya. Nikisimama zenkutsu, goti la mbele limekunjwa na mguu wa nyuma umenyooka, kisigino cha nyuma kikinyanyuka hata kidogo anakigonga na mpini wa fagio. Gyaku-zuki, ile ngumi ya mkono wa nyuma, tulirudia na kurudia hadi kiuno kikaelewa kwamba chenyewe ndo kinatangulia, mkono unafuata. Kwenye watu wengi vile nani angekiona kisigino changu? Baba yako mdogo Yohana alipiga ngumi kifundo cha mkono kimekunjika miaka yote aliyokaa ukumbini, kajificha mstari wa nyuma, mwalimu huko mbele anahesabu ichi, ni, san, na ule mkono unaujua ulivyo hadi leo, akifungua chupa ya soda analalamika.

Basi siku ya mtihani wa mkanda nikapangwa kumite, yani kupambana, na kijana mfyatua tofali wa Nkuhungu, mkanda mweupe wa wanaoanza, hata kuinama salamu hajui vizuri. Nikasema huyu namaliza mapema. Kumbe mashoto! Mimi mguu wa kushoto mbele, yeye wa kulia, yani kila kitu kimegeuka, miguu ya mbele inakanyagana, na ubavu wangu wa kulia, pale kwenye ini, uko wazi kabisa kwa mguu wake wa nyuma, na mimi muda wote ule nilikuwa nimecheza na mtu mmoja tu, tena wa kulia, tena anayenipenda, pigo likikaribia analipunguza. Nikaona bega linashtuka, nikajikinga upande niliouzoea. Mawashi, lile teke la kuzungusha, ikaja upande wa pili. Wewe hujawahi kupigwa ini mwanangu, kwanza unajiona mzima kabisa, halafu kidogo tu magoti yanaondoka yenyewe, hewa haiingii, na ukumbi mzima unacheka na Yohana ndo anacheka kuliko wote.

Na lile pigo lilikuwa faulo. Nasema hadi leo. Pale ilikuwa unagusa unarudisha mguu, yeye kapiga kama anabomoa ukuta, na refa kanyamaza. Mama yako huwa anasema faulo au si faulo ulikuwa chini. Sawa.

Kwa hiyo nenda darasani? Ngoja kwanza, maana hapa mwenyewe najikwaa. Wazee wa Okinawa, kule Japani karate ilikotoka, hawakuanza na madarasa. Funakoshi, huyu aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alijifunza usiku uani kwa mzee Azato, kata ileile, yani mfululizo uleule wa mapigo na hatua, miezi na miezi hadi mzee aridhike. Hii mistari ya watu wanaopiga hatua kwa hesabu ilikuja mzee Itosu alipoiingiza karate mashuleni mwanzoni mwa miaka ya 1900, watoto wengi mwalimu mmoja, akatunga na kata za Pinan ziwafae, zile watu wa mtindo wa Shotokan wanaziita Heian. Kwa hiyo mtu akikwambia kufundishwa peke yako ni mambo ya wenye hela, mwambie hajui. Lakini hata Funakoshi hakubaki kwa Azato tu, kwa Itosu pia alikwenda. Unaona? Miili ya watu.

Sitakuchagulia, wewe ni mtu mzima na hela ni yako, ingawa mdomo unaniwasha kweli. Ukiwa peke yako miezi ya mwanzo utasimama vizuri, hilo silikatai. Ila muulize huyo mwalimu, hizo siku za nyumbani atakuja yeye tu au siku nyingine atakuja na mtu, na pale darasani ana mashoto wangapi. Akikujibu niandikie jibu lake kama alivyolisema, usilipambe.

Zabibu nimempa dereva wa basi la kesho asubuhi, kaipokee mwenyewe stendi. Na Yohana akikupigia usimwambie nimeandika habari za ule mtihani, ataanza upya.

Baba yako