Mkojo Unavuja? Usipite Chooni Kabla ya Kupimwa

Mama ametoka Ahero kwa matatu, amebanwa. Akishuka tu Kisumu anakimbilia choo. Au anafika kliniki, anapewa kichupa cha maabara na kwenda kukojoa kwanza. Baadaye anaitwa ndani, anaambiwa akohoe, na hakuna hata tone. Anaandikiwa antibayotiki na kurudishwa nyumbani. Kibofu kitupu kitavuja nini?

Kwa hivyo fika kibofu kikiwa kimejaa vya kutosha, kiasi cha mililita 300, na uwaambie mapema kwamba bado hujakojoa. Kipimo cha kukohoa kitangulie. Tone likitoka papo hapo unapokohoa, tatizo ni misuli ya nyonga au mlango wa kibofu kulegea. Likichelewa sekunde kadhaa kisha mkojo ukaendelea kutiririka, kibofu ndicho kimejibana chenyewe, na matibabu yake ni mengine kabisa. Ukiwa umelala pasitoke kitu, omba kurudia umesimama.

Hapo sasa toa mkojo wa maabara: achilia wa kwanza uende, kinga wa katikati. Kijiti kinachochovywa ndani yake kitaonyesha maambukizi, sukari au damu. Damu isiyo na maambukizi isipuuzwe. Huenda kibofu kikahitaji kuangaliwa kwa kamera. Ukimaliza kukojoa, nenda altrasaundi moja kwa moja, usikae foleni nusu saa, maana kibofu kitaanza kujaa tena na kipimo kidanganye. Mkojo uliobaki ukiwa chini ya mililita 50, sawa. Ukizidi 200, kibofu hakimalizi, na dawa ya kukituliza inaweza kukuziba kabisa.

Lakini kipimo ambacho tungekichagua kama ni kimoja tu ni daftari. Nunua jagi la plastiki lenye alama za mililita, liwe la kazi hiyo pekee. Kwa siku tatu, usiku ukiwemo, andika saa, ulichokunywa, ulichokojoa na ulipovuja: “Saa tatu, chai vikombe viwili. Saa nne, 150, nimevuja nikiinua mtungi.” Andika pia dawa, hasa za presha, kwani baadhi huongeza mkojo. Anayekojoa mililita 100 mara kumi na tano kwa siku huenda ana kibofu chenye haraka. Anayefikisha zaidi ya lita 3 kwa siku apimwe kisukari na aulizwe anakunywa kiasi gani.

Kipimo cha msukumo wa kibofu, kile cha mipira na mashine, si cha kila mtu. Kinafaa pale dalili zimechanganyika, mishipa ya fahamu ina shida, kibofu hakimalizi, au upasuaji wa awali haukusaidia.

Mkojo ukivuja mchana na usiku bila kukoma baada ya uzazi mgumu au kutolewa kizazi, hilo ni jambo jingine: fikiria fistula, yaani tundu kati ya njia ya mkojo na uke. Daktari hujaza kibofu maji ya rangi ya buluu, akiwa ameweka pamba tatu ukeni. Pamba ya juu ikiwa buluu, tundu liko kwenye kibofu. Ikilowa mkojo bila rangi, huenda ni mrija unaotoka kwenye figo. Eldoret kuna Gynocare, hospitali inayotibu fistula.